Tunasindikizana Mpaka Mtoni

Kwetu, upande wa milima inayoshuka ziwani, mgeni haachwi mlangoni. Mkimaliza kula, ukimaliza kumwambia "kaa kidogo" naye akakataa, unafunga kitenge chako vizuri, unatoka naye. Mnatembea. Maneno yenye uzito hayasemwi ndani ya nyumba, yanasemwa njiani, bega kwa bega, kwa sababu ndani kuna watoto na watoto wana masikio. Unamfikisha mpaka mtoni. Yeye anavuka, wewe unabaki upande wako, mnapungiana mkono, unarudi. Mtu aliyeachwa mlangoni atasema kwao: nilikula, lakini sikupendwa.

Nilipofika Saint Paul na mwanangu na mke wake na watoto wao, baada ya miaka mingi ya kambi kule Tanzania, hilo ndilo niliona la kwanza, hata kabla ya baridi. Hapa wageni wanaachwa mlangoni. Tena mlango wenyewe unafungwa haraka, joto lisitoke. Mgeni anaingia ndani ya motokari, anawasha, anangoja kioo kiyeyuke, anaenda. Wewe uko dirishani unapungia mkono taa nyekundu. Hata sisi Wakongo wa kanisa letu tulianza kufanya hivyo, na hakuna aliyesema kitu.

Mimi na motokari hatukupatana. Si kwamba naiogopa. Lakini mtu mzima akishawekwa nyuma na kufungwa mkanda, anakuwa mzigo: anapakiwa, anashushwa. Anaona visogo vya watu tu. Halafu ilinibidi kumngoja mwanangu atoke kazini, kule Eagan, kwenye depo kubwa anapopakia masanduku. Akirudi amechoka. Nitamwambia nini? Nipeleke nikasalimie watu? Nilikuwa namwonea huruma, nanyamaza, nakaa na televisheni inayosema lugha yake.

Halafu treni ikaanza. Ile barabara ndefu inayounganisha Saint Paul na Minneapolis ilikuwa imechimbuliwa siku nyingi, vumbi tupu, nasi tulikuwa tunailaani. Siku moja wakafukia, wakapanga reli katikati, na treni ikaanza kupita karibu na nyumba yetu, taratibu, na kengele yake kama ya kanisa dogo. Dada mmoja wa kwaya alinipeleka kupata kadi ya wazee. Alinionyesha: unaigusisha hapa kwenye mlingoti, inalia ting, basi. Mimi nilisoma kidogo sana, kwa masista, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu. Lakini ting naisikia vizuri kabisa.

Siku ya kwanza nilipanda peke yangu. Kwetu huwezi kuingia mahali penye watu ukakaa kimya kama mwizi. Nikasimama mlangoni nikasema kwa sauti, "Jambo yenu ninyi wote!"

Watu wakatazama simu zao kwa nguvu zaidi. Kijana mmoja akasogeza begi lake. Nikajua nimefanya ushamba, nikawa natafuta pa kuficha uso, ndipo sauti ya mwanamke ikatoka kule nyuma:

"Hatujambo, mama! Karibu kiti!"

Alikuwa bibi wa rika langu, Mkenya, mwenye kofia ya sufu ya rangi ya waridi iliyofika mpaka kwenye nyusi. Alikuja kumlelea binti yake watoto. Binti ni nesi Minneapolis. Nikakaa karibu naye. Kabla ya stesheni ya pili nilishajua majina ya watoto wake wote, na ya marehemu mume wake, na ya mbwa wa jirani anayemsumbua. Mimi majina hayanipotei. Sitayaandika hapa, maana jina la mtu si bugali wa kumpakulia kila anayepita, lakini ninayo yote.

"Kwenu pia kuna theluji hivi?" nilimuuliza, maana alisema anatoka karibu na ule mlima mkubwa wa Kenya.

"Theluji ya kwetu ina adabu," akasema. "Inakaa huko juu mlimani, tunaiangalia, tunaisalimia. Hii ya huku inakufuata mpaka ndani ya soksi!"

Tukacheka mpaka yule kijana wa begi naye akatabasamu, ingawa hakujua tunacheka nini.

Akaanza kuja kwangu kula. Nilimpikia sombe, yale majani ya muhogo, na ndagala, samaki wadogo wa ziwa letu. Akaangalia sahani.

"Wee! Nyinyi Wakongo mnakula majani kama mbuzi."

"Na ninyi mnakunywa maziwa mnasema ni chai. Kula."

Alikula, akaongeza, akafunga mengine ya kwenda nayo. Alipoinuka kuondoka, nikavaa koti langu la kijani na viatu vya theluji, nikatoka naye mpaka stesheni. Treni ikafika. Tulikuwa katikati ya habari, habari haikuwa imeiva. Nikasema, "Twende." Nikapanda naye. Tulifika Minneapolis, tukashuka, nikamfikisha mpaka kwenye jengo lao. Akafungua mlango, akaangalia ndani, akaniangalia mimi.

"Sasa wewe utarudi peke yako? Mama yangu ataamka kaburini." Akafunga mlango, akanisindikiza kurudi. Siku hiyo tulisindikizana mpaka watoto wa shule wakarudi nyumbani, kila mmoja anakataa kuwa wa kwanza kumwacha mwenzake.

Tukaona tutachoka. Tukakaa kikao, wazee wawili kwenye benchi ya stesheni, tukaweka sheria. Treni ile inavuka mto mkubwa, Mississippi, kwenye daraja la juu karibu na chuo kikuu. Nikasema, kwetu tunasindikizana mpaka mtoni. Akasema, hata sisi, mto haukatazi mtu. Basi ikawa hivyo: yeye akija kwangu, mimi namsindikiza mpaka stesheni ya mwisho kabla ya daraja, hapo nashuka. Yeye anavuka. Nasimama mpaka naiona treni yake juu ya maji. Mimi nikienda kwake, ananileta mpaka stesheni ya mwisho ya upande wake, anashuka. Wanafunzi wanapita mbio na vikombe vyao, wanaona bibi anapungia treni mkono. Wengine walianza kupunga nao.

Hivyo ndivyo niliujua mji. Dereva mmoja, mama Mmarekani mweusi mwenye meno ya dhahabu, akituona alikuwa anagonga kengele mara moja zaidi. Mzee Mhmong, watu wa milima ya Asia, aliyekuwa akipanda na mkokoteni wa mboga alinifunza kwa vidole namna ya kupika majani ya maboga, kumbe nilijua tangu nazaliwa; nikamwachia anifunze. Yule kijana wa begi, majira ya kuchipua, alinishika mkono kwenye barafu. Nilimuuliza jina lake kwa Kiingereza changu cha maneno matano, akanipa, nikalishika.

Sasa nifike kwenye ile siku.

Ilikuwa majira ya baridi, theluji inashuka laini. Mwenzangu alikuwa mezani kwangu, bado hata hajamaliza chai, simu yake ikalia kutoka Kenya. Dada yake, aliyemfuata kwa kuzaliwa, amefariki. Alishika kikombe tu. Hakulia. Akasema, "Na sitamzika. Nitamzikaje kutoka huku?" Halafu akaanza kutafuta kofia yake, nayo ilikuwa kichwani.

Nilimsindikiza. Tulifika stesheni ya kabla ya daraja, milango ikafunguka, mimi sikuinuka. Mtu aliyefiwa haachwi mtoni. Hakuna sheria ya benchi inayopita hiyo. Nilivuka naye, nikampandisha ngazi, nikamvua viatu, nikamwekea maji ya moto, nikakaa naye chini kwenye zulia kama inavyotakiwa, tukaimba polepole ili wajukuu wasiogope. Nilikaa mpaka binti yake aliporudi kutoka hospitali. Simu yangu ilikuwa nyumbani, juu ya friji, inakula umeme. Sikuifikiria hata kidogo.

Nilipoteremka stesheni yetu giza lilikuwa limeingia, lile giza la mapema la majira ya baridi. Mwanangu alikuwa amesimama pale, bila kofia, theluji kichwani kama mzee.

"Mama! Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namsindikiza mgeni."

"Tangu mchana? Unasindikiza mtu mpaka Kenya?"

"Mgeni alifiwa."

"Mama, nimepita stesheni zote na motokari. Imeteleza, imeingia kwenye theluji, watu wamenisukuma. Nimeita polisi. Nimewaambia tafuteni mama yangu, ana koti ya kijani na kitenge cha samaki."

"Leo nimevaa cha maua. Wangenipata namna gani?"

Hakucheka. Alinishika mkono kwa nguvu kama mtoto anayevushwa barabara, na hakuniachia mpaka mlangoni. Ndani alikaa na koti lake. Akasema, "Ile nyumba niliyoonyeshwa Eagan nitaichukua. Iko karibu na kazi. Hakuna treni. Utakaa salama."

Nisieleweke vibaya. Ilikuwa nyumba nzuri. Jumapili iliyofuata alitupeleka kuiona. Zulia jipya, jiko pana, na ndani kwa ndani mashine ya kufua. Mkwe wangu aliifungua, akaifunga, akaifungua tena, akapitisha mkono juu yake kama mtu anayepapasa ng'ombe wa mahari. Yeye anahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa, anashika miguu ya watu siku nzima, akirudi anateremsha nguo za watu sita mpaka chini kwenye mashine za jengo. Haki yake kuipenda.

Mimi nilienda dirishani. Kulikuwa na barabara pana, safi, motokari zinapita kwa haraka, halafu uwanja wa motokari, halafu depo, halafu barabara nyingine. Nilisimama sana.

"Mama, unatafuta nini?"

"Hapa watu wanapita wapi?"

"Hapa watu hawapiti, Mama. Wanaendesha."

Swali lile sikulitunga siku ile. Mjukuu wangu wa kike, yule wa katikati, alikuwa amechora shuleni mji wa siku zijazo. Maghorofa ya vioo, motokari zinaruka angani kama senene. Nilimuuliza: watu wanapita wapi? Akanijibu kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili anakisikia lakini hakitoi, kwamba hawana haja ya kupita, kila kitu kinawajia nyumbani. Nikamwambia, basi hao ni wagonjwa. Alikasirika, akachukua karatasi yake. Kumbe mji wake ulikuwa umeshajengwa, nami ndio nilikuwa napelekwa kuishi ndani yake.

Lakini sikumkatalia mwanangu. Mama anayekaa kwa mtoto wake anajua sauti ya kutumia. Anayelipia paa ni yeye, na siku ile ya theluji niliona uso wake. Nilikuwa nawaza usiku: nikienda kule, miguu yangu imekwisha. Si kufa, hapana. Kuwekwa vizuri, kama sahani za harusi. Na yule mwenzangu, aliyefiwa juzi tu, nani atamvusha mto? Nililia kidogo, nikajifuta na kitenge cha samaki.

Asubuhi nikamwambia, "Tutahama. Lakini nina mgeni wa kuagana naye. Na mgeni anayeagwa moja kwa moja, anasindikizwa na mwanaume wa nyumba. Utamsindikiza wewe."

"Sawa, Mama. Jumamosi nitampeleka na motokari."

"Kupeleka si kusindikiza. Tutatembea."

Alitaka kubishana. Mke wake, ambaye alikuwa anakunja nguo, akamwambia, "Mpe mama yako Jumamosi moja. Ni kitu gani?" Mungu ambariki.

Jumamosi mwenzangu akaja, mwembamba kidogo, kofia ile ile. Nilimpikia sombe. Hakusema neno la mbuzi, na hilo liliniumiza kuliko yote. Alijua tunaagana. Tulipotoka, mwanangu akatangulia mbele na hatua za depo, chap chap, akageuka akatukuta mbali.

"Kijana," mwenzangu akamwita, "mbona unatembea kama mtu aliyeazima miguu na mwenyewe anaidai?"

Hapo nikacheka, na yeye akacheka, na mwanangu, pole yake, akarudi kutembea katikati yetu.

Stesheni, mfanyakazi anayemwaga chumvi kwenye barafu akaniinulia koleo lake: "Hello, Grandma!" Ndani ya treni mzee wa mboga akausogeza mkokoteni wake nipate kiti. Yule kijana wa begi akaniuliza hali ya goti langu linaloniuma, akiligonga la kwake kwa kidole ili nielewe. Mwanangu anaangalia kushoto, anaangalia kulia.

"Mama, hawa wote unawajua?"

"Na majina yao, na ya watoto wao. Wewe jirani yako wa depo anaitwa nani?"

Akafikiria. "Mwenye kofia ya bluu," akasema. Mwenzangu akajifunika uso na glavu kwa kicheko.

Tulifika stesheni ya kabla ya daraja, nikamgusa mwanangu: tutavuka, leo ni siku ya kuagana. Treni ikapanda darajani. Mto ulikuwa umeganda kando, katikati maji meusi yanatembea, na mvuke unapanda kama jikoni asubuhi. Mwanangu aliinuka akaenda kwenye kioo. Nilisahau kwamba yeye mto huu huuvuka kila siku kwenye barabara kuu, macho kwenye taa za breki za wenzake. Alikuwa hajauona.

Alisimama pale amenipa mgongo. Halafu akasema, bila kugeuka, "Baba alikuwa anasindikiza wageni mpaka mtoni."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nalia ili anichukue. Kwenda natembea. Kurudi ananibeba mabegani, na anasema, sasa wewe ndiye mgeni wangu."

Mimi hilo nilikuwa silijui. Miaka yote hiyo tuliyoishi pamoja, kambini, ndegeni, jikoni, hakuwahi kulisema. Baba yake alibaki kule siku tuliyokimbia, na tangu siku ile sisi wawili hatumtaji ovyo. Ilibidi tutoke nje ya nyumba, bega kwa bega, ndipo lisemwe.

Mwenzangu akanipa leso yake.

Tulimfikisha mlangoni kwake. Akamshika mwanangu mikono yote miwili, akamwambia, "Asante kwa kunifikisha. Sasa subirini nichukue skafu, niwarudishe mpaka mtoni."

"Bibi, kuna baridi! Kaa."

"Kwani mimi nimefundishwa na nani? Twende."

Alitusindikiza mpaka stesheni yake ya mwisho. Akashuka, milango ikafungwa, akabaki amesimama na kofia yake ya waridi, mkono juu. Na mwanangu, mtu mzima mwenye ndevu, akampungia mpaka alipokuwa kama nukta.

Tuliporudi alitembea polepole kuliko mimi. Karibu na nyumba akasema:

"Mama, ile nyumba ya Eagan."

"Eh."

"Watu hawapiti kabisa pale."

"Hawapiti."

"Nitaongea na mke wangu." Halafu baada ya hatua chache, "Simu utaibeba. Hilo sitaki mjadala."

"Nitaibeba kwenye kifua. Utaisikia inalia mpaka huko."

Aliongea na mke wake, na hayakuwa mazungumzo ya kunywea chai. Mkwe wangu alininunia, na sikumlaumu, maana ile mashine ilikuwa imeshaingia moyoni mwake. Nguo za nyumba sasa nazishusha mimi, ninapoweza, na wanawake wa chini kwenye mashine nao nimewajua. Mwanangu kazini ni mbali bado. Lakini alimuuliza yule wa kofia ya bluu jina lake. Ikawa ni mtu wa kwetu, wa ng'ambo ya milima, na anakaa mtaa wa nyuma yetu. Wanaenda pamoja na wanaume wengine wawili wa kanisa, wote ndani ya motokari moja, kila mmoja na zamu yake ya kuendesha. Ile yake, iliyoingia kwenye theluji, aliiuza. Anasema njiani wanaongea sana. Nimemwambia, naam, njiani ndiko.

Mwenzangu bado anakuja. Neno la mbuzi limerudi mezani, Mungu asifiwe. Dada yake tulimwombea arobaini hapa kwangu, na mwenzangu akirudi kwake nilimvusha mto siku hiyo pia.

Na yule mjukuu wangu wa motokari za kuruka, ana rafiki wa Kisomali anayekaa ghorofa ya juu yetu, jengo hili hili. Juzi walimaliza kucheza, rafiki akaaga. Nilisikia viatu. Nikachungulia: mjukuu wangu amevaa koti na kofia, kwa kupanda ngazi za ndani, penye joto.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Namsindikiza," akasema. Kwa Kiswahili.

Wakapanda. Nikasikia kimya, halafu nikasikia wote wawili wanashuka. Halafu wanapanda tena. Nikatoka na fimbo yangu mpaka kwenye ngazi nikawaita, nikawaonyesha pale katikati, penye dirisha dogo, ngazi inapogeuka.

"Huo ndio mto," nikawaambia. "Mwishie hapo, la sivyo hamtakula leo."